Viti Viwili Juu ya Tanganyika: Kutoka Mtoa 1916 mpaka TFC Yangu



Mwezi uliopita kijana mmoja wa promosheni za juzi alileta hapa picha ya ndege ndogo ya viti viwili, iliyokwisha kutumika, inauzwa nje. Akauliza: tukichanga wote, hatuwezi kuileta Kalemie? Mmeandika sana siku ile. Wengine mlicheka, wengine mlitoa ahadi za pesa usiku ule ule, mwingine akauliza kama itaweza kupeleka ndagala Lubumbashi. Mimi sikuandika neno. Nilikuwa na sababu mbili za kunyamaza. Moja iko katika historia ya mji wetu, nyingine iko katika sanduku chini ya kitanda changu. Leo natoa zote mbili, maana ukimya wa mtu aliyesomea motere hausaidii mtu.

Nianze na historia.

Ndege ya viti viwili si kitu kigeni hapa kwetu. Ilifika mwaka 1916, ikaundwa Mtoa, kaskazini kidogo ya mji, ikaruka juu ya ziwa hili hili tunaloogea. Watoto wengi wa Kalemie wanajua habari za meli ya Liemba, wachache wanajua habari za ndege hizo. Na bila meli huwezi kuzielewa ndege.

Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani walikuwa Kigoma, Wabelgiji walikuwa upande wetu, Lukuga. Mwenye meli kubwa ndiye alikuwa mwenye ziwa. Wajerumani waliijenga Graf von Götzen kwao Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaiweka katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena na kuingia majini mwaka 1915. Ilikuwa na urefu wa mita 71 hivi. Waingereza nao wakaleta mashua mbili ndogo za motere, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town. Zilikuja kwa reli mpaka Fungurume, zikavutwa na mashini za mvuke na ng'ombe kupita milima mpaka Sankisia, zikashuka Lualaba, zikapanda treni Kabalo, zikafika hapa. Desemba 1915 zilikamata meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Februari 1916 zikazamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Lakini Götzen ilibaki Kigoma, na hakuna mtu upande huu aliyekuwa na chombo cha kuifuata.

Wabelgiji waliomba ndege. Waingereza wakawaazima nne, aina ya Short 827. Hii ilikuwa ndege ya maji: chini haina magurudumu, ina maboya kama mitumbwi. Ina mabawa mawili juu kwa juu, mifupa ya mbao, ngozi ya kitambaa. Viti viwili tu, cha rubani na cha mtazamaji. Mkuu wa kikosi aliitwa kamanda de Bueger, na kati ya marubani alikuwemo Aimé Behaeghe, Mbelgiji aliyejua kuruka tangu kabla ya vita.

Angalieni njia ya masanduku yale, maana ndiyo somo la kwanza. Kutoka Matadi kwa treni mpaka Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville. Kwa meli mpaka Kisangani. Kwa treni mpaka Ubundu. Kwa meli mpaka Kindu. Kwa treni mpaka Kongolo. Kwa meli mpaka Kabalo. Kwa treni mpaka Lukuga, juu ya reli iliyokuwa imefika ziwani mwaka 1915 tu. Safari saba, na kati ya safari na safari, kushusha na kupandisha. Mara sita masanduku yalitoka mikononi mwa chombo kimoja kwenda kingine, na mikono hiyo ilikuwa ya babu zetu. Katika vita ile yote, Kongo ilitoa wapagazi zaidi ya 200,000. Majina ya marubani tunayo. Ya waliobeba mabawa hatuna.

Somo la pili ni la hesabu. Naomba mnivumilie, maana hapa ndipo habari ya ndege yoyote inapokaa.

Short 827 tupu ilikuwa na uzito wa kilo 1,225 hivi. Ikijaa kabisa, kilo 1,540 hivi. Tofauti ni kilo 315. Toa watu wawili wenye nguo nzito, kilo 150. Imebaki 165. Motere yake ilikuwa Sunbeam ya nguvu za farasi 150, na ndege ilikuwa na uwezo wa kukaa hewani saa tatu na nusu. Kwa hesabu yangu, petroli ya muda huo peke yake inapita kilo 100. Basi kwa mafuta ya kulainisha, silaha na mabomu zinabaki kilo hamsini au sitini. Ndege kubwa hivyo, mabawa yenye upana wa mita 16, juhudi zote zile kutoka Matadi, kumbe inachoweza kuleta Kigoma ni mzigo wa mtu mmoja na baiskeli yake.

Na haikuchorwa kwa ajili yetu. Ilichorwa kulinda pwani ya Uingereza, mahali pa baridi, usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 770 hivi juu ya bahari. Saa sita mchana, joto likiwa nyuzi 30, hewa ya hapa ni pungufu kwa asilimia kama 13 kuliko ile inayotumiwa na wachoraji wa ndege kwenye karatasi. Bawa linapata hewa pungufu ya kulibeba, motere inapata hewa pungufu ya kuvuta, pangaboi linapata hewa pungufu ya kusukuma. Ndege ni ile ile, lakini kila kiungo chake kimepunguziwa chakula. Halafu kuna mbao: zinavimba wakati wa unyevu, zinakauka wakati wa jua, gundi inachoka.

Juu ya hayo kulikuwa na kusi. Mtu wa Kalemie hahitaji kuelezwa. Kuanzia mwezi wa tano upepo unatoka kusini, ziwa linainuka, wavuvi wanakaa pwani wakishona nyavu. Wabelgiji walifika na ndege zao wakati ule ule. Mawimbi ya Mtoa hayakuwa mawimbi ya kuinulia ndege ya mbao. Ikabidi watafute maji yaliyotulia, wakapata ziwa dogo la Tongwe, pembeni ya ziwa kubwa, wakafanya kituo huko. Fikiria: ndege ya maji imesafirishwa maelfu ya kilomita kuletwa kwenye moja ya maziwa marefu kuliko yote duniani, halafu ikashindwa kulitumia, ikaenda kujificha kwenye kidimbwi.

Lakini waliruka. Mwezi Juni 1916 Behaeghe na mtazamaji wake Collignon walivuka mpaka Kigoma wakaiangushia Götzen mabomu bandarini. Kutoka upande wetu mpaka Kigoma ni kilomita 120 hivi. Kwenda na kurudi ni 240, na ndege haikupita kilomita 100 kwa saa. Saa mbili na nusu juu ya maji, kwa motere moja, na akiba ya saa moja tu. Anayesema watu hao hawakuwa na moyo, hajawahi kusikia motere ikikohoa katikati ya ziwa.

Götzen haikuzamishwa na bomu lile. Mzinga wake mkubwa ulikuwa umeshapelekwa kwenye vita ya nchi kavu. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, baada ya kupaka motere zake grisi nyingi ili zisioze, na siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma. Grisi ile ilifanya kazi: mwaka 1924 meli ilitolewa majini, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Behaeghe hakuuona mwaka uliofuata. Alikufa kwa ugonjwa Desemba 1916, Niemba, hapo hapo kwenye njia yetu ya reli.

Nawaza mara nyingi juu ya mafundi wale wa Kijerumani waliopaka grisi. Walijua kitu ambacho wenye ndege hawakukiacha hapa. Meli ile ilibaki na watu wanaojua kuifungua na kuifunga, na ndiyo maana ilidumu. Ndege zilikuja na mafundi wake, zikafanya kazi ya mafundi wake, zikaisha nao. Hapa Kalemie hakikubaki kiwanda, wala shule, wala mtoto mmoja aliyejifunza kushona kitambaa cha bawa. Na huu ni mji uliokuja kuwa na Filtisaf, kiwanda kizima cha nguo!

Sasa niingie kwenye sanduku la chini ya kitanda.

Shangazi yangu ndiye alinilipia shule. Aliuza unga na ndagala kavu katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa, upande wa Moba. Julai 2009 alijifungua, damu ikakataa kusimama. Muuguzi wa pale alifanya alichoweza, akasema huyu apelekwe mjini. Barabara haikuwa barabara. Mashua ilikuwepo, motere ilikuwepo, petroli tulituma pesa ikanunuliwa. Kilichokuwepo zaidi ya vyote ni kusi. Nilimpigia simu mwenye mashua nikalia kama mtoto. Akaniambia kwa upole: "Bwana mudogo, hata mimi iko dada yangu. Lakini nikitoka leo nitaua watu saba kwa kuokoa mumoja. Tungoje mupepo upunguke." Tulingoja usiku mbili. Siku ya tatu ziwa lilitulia kama sahani. Mashua ilimleta, lakini ilileta maiti. Mtoto aliishi. Yuko kwangu, anasoma.

Simlaumu mwenye mashua. Miaka yote hii sijampata mtu wa kumlaumu, na labda ndiyo sababu nililaumu umbali. Toka kijiji kile mpaka hapa, ndege ndogo ingetumia chini ya saa moja.

Kwa hiyo mwaka 2012, wakati wa kuchagua TFC, wenzangu walichagua pampu, jenereta na friji. Mimi nilichagua ndege nyepesi ya viti viwili, ya bei ya chini. Nilichora kwa mkono miezi mitano. Nilikuwa na motere ya Rotax 912 kwenye karatasi, ile ya Austria ya farasi 80, inayokubali petroli ya magari na inayokula kama lita 17 kwa saa. Na kwa sababu ya shangazi, nikaiwekea maboya. Nilitaka ishuke mbele ya kijiji chake, karibu na mlango, pale pale wanapooshea vyombo.

Siku ya kutetea nilivaa koti la kaka yangu. Nilisema dakika 20 bila kukosea. Wanajuri wakatikisa vichwa vizuri. Halafu mzee mmoja kati yao, mtu wa maneno machache, akavua miwani.

"Kijana, hiyo ndege inabeba nani?"

Nikasema: "Rubani na mgonjwa mmoja, Profesa."

"Tuhesabu basi. Enda ku tablo."

Nilikwenda ubaoni. Kikomo cha uzito: kilo 450, kile kile ambacho sheria za Ulaya ziliweka wakati ule kwa ndege ya magurudumu ya namna hiyo, nami nilikiiga. Ndege tupu: 270. Maboya: 70. Jumla 340. Inabaki 110. Rubani: 75. Inabaki 35. Petroli lita 30 ili kufika Moba na akiba kidogo, kilo 22. Inabaki 13.

Chaki ilisimama mkononi mwangu.

"Kilo kumi na tatu," mzee akasema. "Ni mtoto wa miaka miwili na nusu. Mama yake utamuweka wapi? Ku mugongo?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, maana ungefanya nini? Akaendelea, bila ukali: "Na mwezi wa saba, wakati wa kusi, maboya haya yatashuka wapi?"

Sikumjibu. Shangazi alikufa kwa sababu mashua haikuweza kugusa maji ya Julai. Mimi miezi mitano nimechora ndege ambayo lazima iguse maji yale yale. Ndiyo kosa la Mtoa, miaka 96 baadaye, na mimi ni mzaliwa wa hapa. Mwingereza aliyechora Short 827 ana udhuru: hakujua kusi. Udhuru wangu uko wapi?

Nilipita, kwa alama za wastani. Michoro ikaingia kwenye sanduku. Nikaenda kufanya kazi za jenereta.

Ila swali la mzee halikuniacha, nikaanza kusoma watu waliolijibu. Historia yao inarudi kwenye ndege yetu ile ile. Kampuni ya Fairey ya Uingereza ilianza maisha yake mwaka 1915, na oda yake ya kwanza ilikuwa kuunda Short 827 kumi na mbili kwa mchoro wa ndugu wa Short. Mwaka 1931 Fairey ikafungua tawi Ubelgiji, na mkuu wa tawi hilo, Ernest Oscar Tips, akapenda ndege ndogo za watu wa kawaida. Mwaka 1937 akatoa Tipsy ya viti viwili, ya mbao, yenye motere ya farasi kama 60. Mwaka 1916 farasi 150 waliwabeba watu wawili kwa tabu. Miaka 21 baadaye farasi 60 waliwabeba wawili kwa raha. Kilichofanya hivyo hasa ni kuondoa: waya zisizo na kazi, bawa la pili, mbao nene, uzito. Bei nayo ikashuka pamoja na kilo, maana katika ndege kilo unailipa mara mbili, siku ya kuiunda na kila siku ya kuirusha.

Halafu akaja Chris Heintz, injenia Mfaransa aliyefanya kazi kwenye Concorde, ile ndege ya kifahari iliyopita kasi ya sauti. Mtu huyo akahamia Kanada, mwaka 1974 akaanzisha kampuni yake Zenair, na mwaka 1986 akatoa CH 701: viti viwili bega kwa bega, mwili wa bati za aluminiamu, riveti zinazopigwa kwa mashine ya mkono, kona nyingi zimenyooka ili mtu aweze kuikunja bati kwenye gereji. Bawa ni fupi na nene, na mbele yake kuna ubao mwembamba unaoacha upenyo ili hewa ishikamane na bawa hata ndege ikienda polepole. Matokeo: inaondoka na kutua katika mita mia moja hivi, juu ya majani, kwa magurudumu manene. Uzuri si kitu alichokitafuta, mkiiona mtasema inafanana na kabati lililopewa mabawa. Huko Ghana, kwenye uwanja mdogo wa Kpong, wasichana wa vijijini wamefundishwa kuunda na kutunza ndege za aina hii. Ile habari niliisoma mara tatu. Si habari ya ndege iliyonunuliwa, ni habari ya mikono iliyobaki na ufundi.

Basi nilifungua sanduku, nikarudi kwenye hesabu ya ubaoni. Ondoa maboya. Ndege tupu 270, inabaki 180. Rubani 75, petroli 22. Inabaki 83. Huyo ni shangazi na kanga zake, na chupa ya maji ya mshipani. Maboya yangu mazuri ndiyo yalikuwa yamekaa kwenye kiti chake.

Lakini ukiondoa maboya, unahitaji mahali pa kutua. Hapa ndipo watu wanaonitafuta pembeni wanakata tamaa: "Uwanja! Nani atatujengea?" Ndugu zangu, mita 200 za ardhi iliyonyooka, imeng'olewa visiki, imefyekwa. Kijiji cha shangazi kina uwanja wa mpira wa karibu mita mia. Ukiongeza shamba moja la muhogo kila upande, mwenye shamba akalipwa, umemaliza. Jembe, panga na siku kumi za salongo. Katika mradi mzima wa ndege, hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo hatuhitaji kuagiza kitu nje, nasi ndiyo sehemu tunayoiogopa.

Sasa nimjibu kijana wetu, kwa heshima, maana ameuliza swali jema.

Tusichange kununua ile ndege. Si kwa sababu ni mbaya. Ikija kwa sanduku, itakuwa Mtoa ya pili: tutapiga picha, itaruka mwaka mmoja, kipande kitavunjika, na hakuna kati yetu atakayejua kama kipande hicho kilivunjika kwa ajali au kwa uchovu. Hapo itakuwa banda la kuku, au mbaya zaidi, mtu ataifunga kwa waya na kuirusha. Na mimi sitaki kusoma jina la mmoja wenu hapa katika tangazo la kilio.

Tuchange kidogo tuunde bawa moja. Si ndege, bawa moja la kushoto. Bati, riveti, gereji. Likiisha, tutaligeuza juu chini, tutalifunga ukutani kwa shina lake, kisha tutalijaribu kama wanavyojaribu wenye kazi hiyo. Ndege ya kilo 450 ikipigwa na upepo mbaya inaweza kulemewa kama ina uzito wake karibu mara nne. Wachoraji wengi wanahesabu 3.8. Hiyo ni kilo 1,710 kwa mabawa mawili, kila bawa 855. Kwa lugha ya Kalemie: mifuko 17 ya saruji ya Kabimba juu ya bawa moja. Likibeba 17 na kurudi lilivyokuwa bila kupinda, tunaongeza nusu tena, mifuko 26, na lazima lisimame sekunde tatu. Likivunjika, tumepoteza bati na Jumamosi moja, tumejifunza pa kuongeza nguvu, na hakuna aliyekufa. Likisimama, tunaanza la kulia. Na kabla mtu yeyote hajaketi ndani, wakaguzi wa ndege wa serikali waje waone kila riveti. Haraka hatuna. Tumengoja tangu 1916.

Najua kuna atakayeandika hapo chini: "Yaya, tunataka ndege, wewe unatuletea mifuko ya saruji." Ni kweli. Mimi nilikwisha kuchora ndege. Ilibeba kilo 13.

Yule mtoto wa shangazi, ambaye sasa anapiga hesabu kuliko nilivyopiga mimi umri wake, aliona michoro juu ya meza wiki jana. Akauliza hiki ni nini. Nikamwambia bawa. Akaangalia muda, akaweka kidole pale bawa linaposhikana na mwili, akasema: "Baba, hapa patavunjika." Nikapiga hesabu usiku ule. Alikuwa amesema kweli, pale pamekonda. Nimeongeza bati ya pili.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nitakuwa gerejini kuanzia saa mbili asubuhi, wenye kujua njia wananijua. Natafuta mtu mwenye mashine ya kukunja bati, mtu mmoja aliyefanya kazi ya riveti kwenye meli bandarini, na mwenye kuweza kutuazima mifuko 26 ya saruji kwa siku moja. Tutairudisha kamili, haitafunguliwa.